Kipenu cha makuti: kujenga banda la kulala porini na kulitunza

Paa langu la kwanza halikuvuja hata tone. Nilikuwa na miaka 14, skuli zimefungwa, na ami yangu akanichukua dago, yaani kambi ya wavuvi, kwenye kisiwa kidogo upande wa Gando, Pemba. Kila mtu alijijengea pake, na mimi nikajenga pangu. Makuti niliyapanga yakashikana kama magamba ya changu. Mvua ikaja saa nane za usiku. Juu pakavu kabisa, ila mkeka nilioulalia ulianza kuwa baridi, kisha ukalowa, kisha ukaanza kuelea. Ami alikuwa kajilaza juu ya uchaga wake wa fito, shuka mpaka kidevuni. Akanimulika tochi, akasema neno moja tu: "Panda."

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini. Paa nitalifikia, lakini banda la porini huharibika kwa maji yanayopita ardhini mara nyingi kuliko kwa yale yanayotoka mbinguni.

Kabla ya kugusa mti

Hapa kwetu hakuna pori lisilo na mwenyewe. Nenda kwa sheha wa shehia husika, sema wewe ni nani, utakaa wapi na kwa siku ngapi. Kisha muone mwenye shamba, kwani hata kuti lililoanguka lina mwenyewe. Huenda alikuwa akiliweka kwa ajili ya ua wa nyumba yake. Jozani na Ghuba ya Chwaka, Ngezi kule Pemba na kisiwa cha Misali ni hifadhi, na humo hukati hata ufito bila ruhusa ya maandishi. Mikoko nayo, hata iliyo nje ya hifadhi, usiiguse bila kibali. Sheria ya misitu ya Zanzibar ni namba 10 ya mwaka 1996, na maofisa wa misitu wanaijua vizuri kuliko mimi na wewe. Boriti za mkoko ni nzuri mno, nakubali, lakini kwa banda la wiki mbili huzihitaji.

Kuchagua mahali

Fika mahali pako saa nane mchana, si saa kumi. Jua letu huzama baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo mwaka mzima, na chini ya miti kiza hutangulia nusu saa.

Ukiwa karibu na pwani, kwanza tafuta mstari wa mwani mkavu. Utaiona mistari miwili au mitatu; ule wa juu kabisa ndio bamvua ilipofika. Bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4 siku za bamvua, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Mgeni hufika wakati wa maji mafu, bahari isipopanda sana, akaona mchanga mkavu, laini, safi, akafurahi. Siku ya tano anafukuzia sufuria baharini. Panda juu ya ule mstari wa juu, kisha ongeza hatua 20. Na majabali ya pwani yaliyoliwa na mawimbi kwa chini, yanayotokeza kama baraza, usiyalalie: kilichoyachimba ni maji, na maji hurudi.

Ukiwa bara, tazama ardhi inavyoinama. Mwaga kata moja ya maji ufuate yanakokwenda. Sehemu nzuri ni mgongo wa kilima ulio chini kidogo ya kilele, wenye udongo unaonyonya. Mabonde ya Pemba ni ya mpunga kwa sababu yanashika maji. Hilo peke yake linatosha kukwambia usilale humo. Ukiona majani ya ndago au udongo mweusi unaonata kidoleni, ondoka.

Kisha tazama juu. Usijenge chini ya mnazi, nasema tena, usijenge chini ya mnazi. Nazi pevu na makumbi yake huzidi kilo moja, na kuti kavu huanguka bila upepo wowote. Mti mrefu ulio peke yake uwandani nao uache, kwa ajili ya radi. Mwishowe piga goti utazame majani ya chini: njia ya siafu huonekana kama kamba nyeusi inayotembea, na kichuguu kilicho hai ni tangazo kwamba nguzo zako zitaliwa.

Upepo ni rahisi kwa anayeswali. Kibla chetu kiko karibu kaskazini kabisa. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, banda liwekwe hivi: ukisimama ndani kuswali, upepo ukupige mgongoni na kwenye bega la kulia. Maana yake mgongo wa kipenu unaangalia kusini-mashariki na mlango unaangalia kaskazini-magharibi, kushoto kidogo ya kibla. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, geuza. Katikati, upepo unapochezacheza na matlai inavuma asubuhi, jenga kwa kusi, kisha ziba ubavu wa mashariki kwa kuti la ziada.

Maweni ni habari nyingine

Upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Makunduchi kupanda juu, na pembe ya Micheweni kule Pemba, jembe halifai kitu. Chini ni jiwe. Uzuri wake maji hupotea mara moja kwenye matundu, na matundu hayohayo ndiyo mashimo yako ya nguzo. Tafuta tundu lenye kina cha mkono mpaka kiwiko, simamisha nguzo, kisha igongee kabari za mawe madogo pande tatu. Lisipopatikana tundu, panga mawe kuzunguka nguzo mpaka magotini na uifunge kwa kamba za pembeni kama mlingoti wa ngalawa.

Mapango ya maweni ni nyumba za zamani sana. Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, lilikaliwa na watu takriban miaka 20,000 iliyopita. Lakini mengi ni mizimu, watu wanaweka nazi, mayai na ubani. Uliza kwanza wenyeji. Na pango lenye popo wengi usilale hata ukiruhusiwa: kinyesi chao kinaumiza mapafu.

Vitu vya kukusanya

Nazungumzia kipenu, banda la paa la upande mmoja, kwa mtu mmoja au wawili walioelewana. Urefu wake ni pima moja na nusu, kama mita 2.7, na kina chake mita 1.7. Mbele linasimama mita 2.2, nyuma nusu mita. Kwa vipimo hivyo paa linainama nusu ya pembe mraba, digrii 45, na makuti yaliyolala chini ya hapo hayamwagi maji, yanayanywa.

Utahitaji nguzo 3 za mbele zenye panda juu, kila moja mita 2.7 ili nusu mita izame. Nguzo 3 fupi za nyuma, mita 0.9, miti 2 ya mlalo, mafundi huiita miamba, makombamoyo (miti ya mteremko wa paa) 7 ya mita 3, na fito 15 nyembamba za kufungia makuti. Za uchaga ni nyingine, nguzo 4 fupi na fito kama 20. Mvinje na mpesi zinafaa na hukua upesi. Mnyaa usiuguse: utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukupofua, na kuni zake vilevile ziache. Ukipita vichakani wakati wa jua kali angalia maganda ya upupu, yenye manyoya ya rangi ya dhahabu. Yakikupata usijikune; wazee hupaka majivu, kisha nguo zote zinavuliwa na kufuliwa.

Kamba bora ni ya makumbi, iliyosokotwa kwa usumba. Haiozi upesi na fundo lake halitelezi. Ukikosa, ukindu uliolowekwa au maganda makavu ya mgomba yaliyochanwa upana wa vidole viwili yatakufikisha wiki mbili.

Makuti: 8 ya paa, 6 ya mbavu na akiba. Ukijenga wakati wa masika, 10 ya paa. Usipande mnazi kukata mabichi. Mnazi unaopokonywa makuti hupunguza kuzaa, na kuti bichi likikauka juu ya paa hunywea na kuacha nyufa. Okota yaliyoanguka, yaloweke kwenye maji usiku mmoja. Yatakunjika bila kukatika.

Nguzo, kisha uchaga, kisha paa

Choma kidogo ncha ya kila nguzo itakayozama, mpaka iwe nyeusi kama mkaa kwa nje tu. Haizuii mchwa milele, inawachelewesha. Simamisha mbele kwanza, laza mwamba juu ya panda, funga. Halafu nyuma. Shikilia nguzo ya kati ujitikise nayo kwa uzito wako wote. Kama inasogea sasa, usiku wa kusi itasogea zaidi. Makombamoyo yapange kila dhiraa moja, sentimita 45 hivi, yakizidi mwamba wa nyuma kwa shibiri moja na nusu ili maji yadondokee mbali na nguzo.

Sasa acha paa, jenga uchaga. Najua mikono inawasha kuezeka. Lakini ukinyeshewa na jioni ukiwa na uchaga, unaweza kujifunika turubali au hata makuti matupu ukalala. Ukiwa na paa bila uchaga, umeshasikia yaliyonipata.

Uchaga uwe na urefu wa dhiraa moja kutoka ardhini. Usiusukume nyuma kabisa ambako paa ni la chini. Acha nafasi ya sentimita 60, humo utaweka kuni zikauke. Fito zipange karibukaribu, upande ulionyooka juu, na funga kila moja ncha zote mbili. Ufito mmoja usiofungwa utakuamsha usiku kucha. Juu tandaza majani makavu ya mgomba unene wa kiganja kilichosimama, halafu jamvi au mkeka. Majani yapige kwanza kwenye mti: nge na tandu wanapenda humo kuliko wewe.

Kabla hujanawa mikono, chimba mtaro upande wa juu wa banda, upana wa jembe na kina cha shibiri moja, uzunguke mbavu mbili na kutokea chini. Udongo unaoutoa uweke upande wa banda na uukanyage. Kazi ya dakika 30. Ningekuwa na mtaro huu kule Gando, ningelala.

Kusuka kumba

Makuti ya viungo, yale ya kushonwa, ndiyo ya nyumba. Porini tunasuka kumba, ni haraka na hatuhitaji uzi.

Chukua kuti lililoloweka, lisimamishe kichwa chake chembamba kikiwa juu, na upasue upongoo, ule uti wa kati wa kuti, katikati kwa panga kuanzia ncha. Usipige kwa nguvu. Ingiza panga, kisha pindisha kushoto na kulia, litajipasua lenyewe mpaka kwenye makaa, kile kitako kinene cha kuti. Unapata vipande viwili, kila kimoja kina upongoo nusu na majani ya upande mmoja. Keti chini, upongoo uwe mbele ya magoti, majani yakielekea kwako.

Shika jani la kwanza la kushoto, lilaze kulia juu ya jani la pili, lipitishe chini ya la tatu, juu ya la nne, likae. Chukua la pili, nalo hivyohivyo: juu, chini, juu. Baada ya majani kumi mkono utakuwa umeshajua, na macho yako huru kuangalia chai. Ukifika mwisho, ncha zinazoning'inia zisokote kama unavyosuka nywele za mtoto, mkia mmoja mrefu ukingoni, kisha fundo. Kumba zuri ukiliinua juani huoni matundu ya duara, unaona vijistari tu. Mama zetu walisuka moja huku wakigombeza watoto watatu. Mimi huchukua robo saa na bado langu huenda upogo.

Kuezeka

Unaanza chini kwenda juu, kila mtu anajua, na bado nimewaona watu wazima wakianza juu. Safu ya kwanza ifungwe kwenye ufito wa chini kabisa, upongoo ukiwa juu na majani yakining'inia. Ya pili ipande sentimita 20 juu yake, na hivyo mpaka mwamba wa mbele: safu 15. Wakati wa masika zibane ziwe sentimita 15, safu 20, na fito ziongezeke kwa hesabu hiyo. Kila upongoo ufunge sehemu tatu, ncha mbili na kati, fundo likiwa kwa ndani ili ulifikie bila kupanda. Safu moja kichwa kiwe kulia, inayofuata kushoto, kwa sababu upande wa makaa ni mnene na paa litapinda usipobadilisha.

Safu ya mwisho ikunje ivuke mwamba wa mbele, iilalie ile ya chini yake. Mbavu ziba kwa kumba zilizosimama. Makuti ya chini yasiguse ardhi, acha nafasi ya kiganja. Yakigusa, mchwa wamepata ngazi.

Moto

Mafiga matatu, hatua tatu mbele ya banda, upande ambao upepo unapeleka cheche mbali. Makuti makavu yanashika moto kwa pumzi moja, kwa hiyo weka kifuu au ndoo ya mchanga karibu na kichwa chako, si nje. Kuwasha siku ya mvua: kilifu cha mnazi, kile kitambaa cha kahawia kinachozunguka makuti machanga, hukaa kikavu kwa ndani hata mti ukilowa. Kifikiche, ongeza chelewa, kisha vifuu. Makumbi yanayofuka moshi jioni hupunguza mbu, na moshi wenyewe hukausha paa na kuwakimbiza wadudu. Chandarua bado unakihitaji.

Usiku wa kwanza utasikia mtoto analia juu ya mti. Ni komba. Rudi kulala.

Usiku ukikukuta bila panga

Huna muda wa yote hayo. Tafuta mti ulioanguka, wenye unene wa kufika gotini, upande usiopigwa na upepo. Egemeza matawi makavu kwa mshazari, karibukaribu, halafu rundika makuti na majani unene wa dhiraa moja au zaidi, ncha zikielekea chini. Pawe padogo: pakutoshe kulala ubavu tu, kwani joto la mwili wako ndilo jiko. Na chini, tena, chini kwanza: kuti mbili tatu zilizokunjwa chini ya mwili zina faida kuliko kuti kumi juu yake. Watu hudhani kwa kuwa kwetu ni joto baridi haiui, lakini mtu aliyelowa na upepo wa kusi wa Julai hutetemeka mpaka asubuhi.

Matunzo

Banda la porini huliwa kidogokidogo. Siku ya tano, kaza fundo zote. Miti mibichi inakauka, inanywea, na kamba uliyoikaza kwa meno inakuwa bangili. Rudia siku ya kumi na tano, baada ya hapo hutulia.

Asubuhi ya jua kali lala juu ya uchaga utazame paa. Kila nyota unayoiona mchana ni tone la usiku. Usipande juu, ukiwa ndani chomeka kipande cha kuti kwa chini ya safu iliyo juu ya tundu, ukisukume kiende juu, kisha kifunge. Maji hushuka, kwa hiyo tone linapodondoka si pale lilipoingilia: fuata ufito kwenda juu mpaka uone weusi.

Baada ya kila mvua pita mtaroni na jembe. Majani mawili na udongo kidogo yanatosha kuugeuza mtaro kuwa ukuta unaorudisha maji ndani. Mara moja kwa wiki toa majani ya uchaga yaanikwe, zungushia majivu nguzo zote, na kwangua njia za udongo za mchwa unapoziona. Zikirudi kesho pahali palepale, badilisha nguzo hiyo kabla haijawa mfereji wa vumbi. Kumba hudumu msimu, ukilifukizia moshi labda miwili. Huanza kuoza safu ya chini, kwa hiyo akiba yako iweke kwa ajili yake.

Na kuna siku ya kuliacha. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa maelfu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, upande wa Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali, funga mzigo, nenda kijijini ukalale kwenye nyumba ya mawe.

Kuondoka

Wavuvi wa dago hawavunji fremu kama mwenye ardhi hakusema. Shusha makuti, yale mazima yafunge mzigo uyaweke juu ya uchaga yasiguse chini, fungua kamba zako uondoke nazo, fukia mtaro. Moto umwagie maji, koroga majivu, mwagia tena, kisha weka nyuma ya mkono juu yake uhesabu mpaka kumi. Kama huwezi kufika kumi, teka maji mengine.